Mshika Kamba

Tumekata mashimo mawili kwenye barafu ya ziwa
kwa msumeno wa marehemu baba.
Barafu ina kina cha mkono mpaka kiwikoni.
Toka shimo hadi shimo ni hatua sitini,
na kamba nyekundu inapita viganjani mwangu,
imefungwa utepe kila mita tano,
ncha yake kifundoni mwa kaka yangu.

Akivuta mara moja: niko salama.
Mara mbili: nirudishe.
Asipovuta kabisa,
hilo hatukulijadili hadi mwaka juzi.

Aarre ameketi ukingoni na kaptura tu.
Nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
vinyweleo vya pua vimegeuka sindano.
Anapumua taratibu, kama apulizaye uji wa mgonjwa.
Pumzi ya mwisho haivuti, anaishindilia,
kama gunia ambalo lazima lifungwe.
Kisha hayupo.
Maji yamejifunga juu yake bila kovu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Sawa. Lakini mvungu huu
dari yake haina mlango ila miwili,
na mmoja ndio huu nilioukalia.

Aliwahi kunieleza: kiu ya hewa ni mbwa.
Mwanzo hubweka, hurukaruka kifuani, hugonga mbavu.
Usipomjali, hulala.
Hakunieleza kwamba mbwa akilala
ndipo mwizi huingia.

Mwaka juzi kamba ililegea sekunde ya themanini na nne.
Nilivuta. Nilivuta mzigo usionisaidia.
Akaja na midomo ya rangi ya zile tunda za porini
zilizokuwa zikitutia madoa utotoni,
macho wazi, hayana mwenyewe.
Nikampuliza machoni. Nikampiga kofi.
Aarre, pumua. Aarre. Pumua, mjinga wee.
Povu la waridi likadondoka kwenye theluji.
Sekunde arobaini na moja.
Akakohoa, akauliza:
"Nilifika?"

Yeye hakumbuki.
Anasema palikuwa na mwanga wa kijani
na ukimya asioupata kitandani wala kanisani.
Zile arobaini na moja ni zangu peke yangu,
kama shamba la urithi lisilo na mnunuzi.

Daktari Rautio alimwonyesha picha za mapafu:
kovu hapa, na hapa, na hili linaanza.
Aarre akaitikia kwa kichwa
kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya wengine.

Kiangazi ndicho kibaya zaidi.
Barafu haipo, naye hayupo.
Hurudi kutoka kiwanda cha karatasi, hukaa,
chakula humwambia hakina ladha, watoto humpigia kelele mno.
Pirkko, mkewe, huamka usiku wa manane
kwa sababu pembeni yake hakuna sauti:
mumewe amebana pumzi usingizini,
na yeye anahesabu gizani
bila kamba.

Nilikataa. Mwezi wa kumi na moja nilisema sishiki tena.
Akajibu kwa upole, ndio uliniuma ule upole:
"Basi Onni atashika."
Onni ana miaka kumi na tisa
na simu haimtoki mkononi.

Ndiyo maana niko hapa.

Utepe wa tatu. Wa nne.
Hamsini na tano. Hamsini na sita.
Kunguru mmoja anapita, hana habari na mtu.
Utepe wa sita umekwama kati ya vidole vyangu,
hauendi, haurudi.
Sabini.
Pirkko anaweka chini chupa ya kahawa,
ananishika bega:
"Senja, na wewe pumua.
Midomo yako."

Sikujua. Miaka yote hii, sikujua.

Sabini na tisa.
Kamba inatikisika, mara moja.
Sijui bado
kama ni mkono
au ni maji.