Ridhaa

Inawaka. Hilo ndilo lililoniudhi.
Feni inavuma, kitaa cha ubavuni ni kijani,
hata mlio wa karibu-mgeni unausikia,
ila kioo cheusi tii.
Nilichoona humo ni uso wangu
na kilemba cha kulalia kimekwenda upande.

Nilifanya anayofanya kila mtu saa sita ya usiku:
nikazima, nikawasha, nikazima.
Nikachomoa betri, nikabana kitufe nikihesabu hadi sitini
(mwalimu wa hesabu, hilo angalau naliweza).
Nikabonyeza alama ya jua, mwanga uongezeke,
nisijue kama naongeza au napunguza.
Nikaipiga kofi moja.
Nikaiomba radhi.

Asubuhi nikashuka mawe ya Mabatini
nimeifunga kwenye khanga
kama sufuria ya uji wa mgonjwa wa Bugando.

Bwire ana kibanda Makoroboi,
ubavuni mwa kinyozi, ukuta wao ni ubao mmoja.
"Imeanguka?" Hapana.
"Imemwagikiwa chai?" Hapana.
"Watoto?"
Sina.
Akaifungua tumbo bila kuuliza la nne.
Akachomoa kumbukumbu, kipande kama ulimi wa kuku,
akakisugua kwa kifutio cha penseli,
kile kile ninachowanyang'anya kidato cha kwanza.
Nikashika moyo: kumbukumbu, na kifutio!
Akairudisha. Feni ikavuma. Kioo, kimya.

"Basi tujue ubaya uko ndani au uko kwenye kioo,"
na waya mnene akaupitisha kwenye tundu la ubao
mpaka kwenye runinga ya kinyozi,
walikokuwa wakitazama marudio ya mpira.

Mpira ukakatika.
Ikaja barua yangu.

Inchi arobaini na tatu. Herufi kubwa kama bango la mkutano.
*Yah: Ombi la Uhamisho.*
Shilinde, wembe mkononi, akaisoma kwa sauti,
kama nilivyomfundisha kusoma swali kabla ya kulijibu:
*Naomba lidhaa yako kuhamia kisiwa cha Ukara
kwa sababu za kifamilia.*
Akanyamaza.
"Mwalimu, ni ridhaa. Kwa ra."
Kisha, taratibu, akipangusa wembe:
"Mimi ulinipa kumi na moja kwa mia."
"Sababu zipi?" akauliza mteja mwenye povu hadi masikioni,
nisiyemjua, asiyenijua.
Bwire akauchomoa waya.
Mpira ukarudi. Hakuna aliyekuwa amefunga.

Akavuta mlango, kibanda kikawa giza,
akamulika kioo kwa tochi, kwa mshazari.
"Inama. Tazama kwa pembeni."
Nikaona, mbali, kama kokoto chini ya maji ya alfajiri,
mafaili yangu yote, kila moja mahali pake.
"Picha ipo. Haina taa tu."

Bawaba ilipofunguka wakamwagika:
wale wadudu wa ziwani wasiouma,
wanaosimama juu ya maji kama moshi wa boti inayoungua,
wamekauka, wamelowa, wamekauka tena,
wamegandamana palipochomekwa waya wa kioo
na shaba yake imeota kijani.
"Unaandika usiku, dirisha wazi?"
Usiku mwingi, nikasema. Barua moja.
"Walifuata mwanga. Wakaziba papo hapo unapopita."
Akawafagia kwa mswaki na spiriti.

Elfu ishirini na tano.
Kioo kipya kingekula laki na themanini,
angeweza kunidanganya, hakunidanganya.
Shilinde alitoka mlangoni na taulo begani,
akanipa shikamoo aliyosahau mwanzo.

Sasa ni usiku. Kioo kinawaka hadi kinaniumiza macho.
La nimeifuta, nimeandika ra.
Kisha nimepeleka kimshale mbele ya *sababu za kifamilia*
na hapo kimesimama, kinapepesa,
kinapepesa.
Dirisha nimelifunga, joto kama ndani ya chungu.
Nje wanagonga. Wadogo, wengi mno,
wanagonga kioo kile kingine.