Mkono wa Sekunde Kumi na Tisa

Mimi Wandeba, mwandika kuta.
Barabara ya Kumi inanijua, kutoka Mbale hadi Nakaloke na mbele:
duka la misumari, duka la mbegu, kinu cha mahindi,
kila ukuta ulioitazama lami umewahi kuvaa mkono wangu.

Nilifunzwa na Mugide, marehemu, aliyekuwa akisema:
"Msomaji wako yuko juu ya lori la vitunguu.
Anapita. Hakungoji.
Una muda wa kikohozi kimoja tu,
na jina liwe limeshamwingia."
Basi nikanenepesha herufi, nikairefusha shingo ya F,
na ile S ya Sabuni Safina
niliichora bila rula, bila uzi, kwa pumzi moja,
kama mtu anayemenya chungwa asikate ganda.

Kisha kampuni ikaacha kupiga simu.
Mwaka. Miwili.
Kijana wa masoko, shati limembana, aliniambia kwa upole,
na upole ndio uliouma:
"Mzee, macho ya watu yameshuka.
Hayapo tena barabarani. Yapo kiganjani."
Na kweli, nilipotazama juu ya lori la vitunguu
wote walikuwa wameinama kama wanaosali,
kidole gumba kikipanda, kikipanda,
kikimfukuza huyu, kikimwita yule:
binti anacheza na chupa ya mafuta ya nywele,
mchekeshaji anaanguka kwenye matope ya Namakwekwe
na kuinuka na pakiti ya unga mkononi.
Tangazo halina tena suti wala sauti nzito ya redio.
Limevaa kandambili. Linakuita jirani.
Linakukopesha kicheko,
nawe unalipa dukani.

Nambozo ndiye aliyenirekodi.
Anauza malewa ya pakiti pale Nkoma,
machipukizi ya mianzi ya mlimani, yaliyokaushwa kwa moshi;
ameshayafikisha Kampala, Entebbe,
bila ukuta, bila bango,
simu imeegemezwa kwenye kopo la karanga.
Alitaka jina lake juu ya kibanda.
Nilipoinamia N, akawasha kamera.
Sikujua. Nilikuwa naitukana rangi, ilikuwa nzito.

Sekunde kumi na tisa.
Kulipokucha watu laki mbili walikuwa wameuona mkono wangu.
Mkono tu. Uso haumo,
na jina la Nambozo linakatikia kwenye M.
Mmoja kaandika: naweza kuutazama huu mpaka nikalala.
Mwingine: babu huyu hatetemeki,
mimi nina miaka ishirini na chai yangu inamwagika.
Malewa yaliisha Jumanne.

Alhamisi, simu. Sabuni Safina.
Kijana yule yule, sasa ananiita msanii.
Walikodi ukuta nyuma ya ghala, huko viwandani,
ukuta ambao hapiti mtu, hapiti hata mbwa.
Nikachora S.
"Safi sana, mzee. Tufute turudie, jua limehama."
Chokaa. S. Chokaa. S.
Mara saba walinilipa niandike,
mara saba wakamlipa mvulana afute,
na fedha yake na yangu hazikupishana sana.

Sizikatai fedha. Karo ya Khainza imelipwa, mabati yamenunuliwa.
Ila mimi nilizoea kazi ibaki
na mtazamaji apite.
Sasa mtazamaji amekaa kitako,
kazi ndiyo inayopita.

Jioni nikapanda boda hadi Nakaloke.
Ipo pale, Chai ya Mzinga, ya mwaka tisini na nane.
Kampuni ilishakufa, na mwenye kampuni.
Mvua imeila C yote,
panasomeka: hai ya Mzinga.
Mbuzi alikuwa anajikuna mgongo papo hapo, kwenye rangi yangu,
taratibu, bila haraka na mtu.
Nikatoa simu nimrekodi, nimtumie Nambozo.
Bando lilikuwa limekwisha.