Vidole Kumi, Tukuyu

Wimbo wa roki, dakika ishirini na tatu,
watu watano, ngoma za mapigo saba;
mimi nina vidole kumi
na piano ya misheni iliyokunywa ukungu wa Rungwe
hadi fa ya chini ikagoma kuinuka.

Besi nimeikabidhi kwa mkono wa kushoto.
Ngoma?
Ambakisye alizipiga kama mvua juu ya bati,
sasa yuko Tunduma, anauza vipuri.
Nimezifuta zote.
Nimebakiza pale alipozoea kuchelewa,
nusu pigo, kabla ya kiitikio.

Jana Mama Tusekile, anayefagia kanisa,
aliegemea ufagio:
“Hapo katikati, mbona unanyamaza?”

Sinyamazi.
Hapo anapiga mwenzangu.