Nasaba ya Papai

Jumatano, Ibra, soko la wanawake limekwisha,
nikafungua kompyuta sebuleni kwa Bi Shinuna.
Michoro ninayo: ngazi iliyosokotwa, rangi nne.
Kiyoyozi kinaunguruma. Kahawa inazunguka.
Hakuna anayetazama ukuta.

"Mimi jeni sili," akasema Bi Ghaniya,
mdomoni tende ya tatu.

Hiyo tende ina jeni, bibi,
na kokwa yake, na iliki ya kahawa.
Akaitema kiganjani, akaikagua,
akairudisha.

Neno la kitabuni ni vinasaba.
Nilipolitamka chumba kikanyamaza.
Hapa nasaba huulizwa kabla ya jina,
kabla ya posa.
Sisi tuliorudi na Kiswahili chetu
tumeulizwa sana: mama wa nani? Wa wapi?

"Na papai hili," Bi Shinuna akanyoosha kisu,
"mama yake nani?"

Papai, nikajibu. Ila kirusi kilichokuwa kikiua mashamba
kimechukuliwa kipande kidogo, kikapandikizwa ndani,
mti umjue adui kabla hajabisha hodi.

"Kama chanjo."

Karibu na chanjo. Si sawasawa.

"Na usilolijua, je?"

Nikanywa kahawa kwanza.
Mbegu zitauzwa bei gani, na nani atazishika.
Na papai hili halilitolei ushahidi hindi lile:
kila moja hupimwa peke yake.

Akalipasua. Mbegu nyeusi, tele.
Bi Ghaniya akachukua kipande, hakula,
akakiweka kando ya kikombe chake
kama mgeni asiyejulikana kwao,
aliyekwisha kukaribishwa.