Vidole Vinane

Mwalimu Avutia alihesabu mizani kwa vidole,
na vidole vyake vilikuwa vinane.
Viwili vilibaki Rhino Camp, kwenye kinu cha pamba,
mwaka ambao karani mmoja wa Mombasa
alimfundisha Kiswahili na namna ya kufunga jeraha.
Kipande kimoja, mizani nane: mikono ikijaa, nyamaza.
Mimi nilikuwa na kumi.
Kila nilichoandika kilimwagika.

Nyumbani, mama aliiogopa lugha hiyo.
Kwake Kiswahili kilikuwa kizuizi cha barabarani,
kilikuwa "lala chini", kilikuwa "toa kitambulisho".
Alishangaa nikirudi kutoka Ediofe
nikikitamka polepole, kama mtu anayepuliza uji.

Padri Ottorino ndiye aliyetufungulia kitabu kile,
kizito kama mtoto mchanga aliyelala.
Washairi wa kwao, alisema, wa miaka mia saba iliyopita.
Ndani ya herufi moja kubwa, nyekundu,
mwalimu ameketi, magoti yake yamejaza ukurasa,
na mshairi chini, hafiki hata kwenye ugoko wake.
"Hakuwa mfupi," padri alisema. "Alikuwa anadaiwa."

Akatusimulia wengine:
waliomkuta mwalimu mahali pa adhabu,
wakataja kosa lake bila kulipaka asali,
kisha wakamwita baba.
Waliojichora wenyewe wamepotea, wanatetemeka,
wanazimia kama mtu asiyekula tangu jana.
Nikamwonea huruma mmoja wao.
Padri akacheka, akagonga ukurasa kwa ukucha:
"Mwoga sana, ndiyo. Lakini tazama kalamu iko kwa nani."

Sikuelewa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano
na shairi langu la kwanza, juu ya mabanda ya tumbaku
yanavyokohoa moshi hadi alfajiri.
Sikukuu ya Uhuru lilisomwa uwanjani, Arua.
Mkuu wa wilaya akaitikia kwa kichwa,
na chini ya shairi jina lilikuwa Avutia.

Kwa miaka thelathini nimeichora picha hiyo.
Yeye kitini, kiti cha wizi.
Mimi chini, mdogo, safi, nimeporwa.
Nimeisimulia Kampala, nimewasimulia wanafunzi wangu,
nimeisimulia hata matangani kwake,
kwa sauti ya chini, nimeshika sahani ya enyasa.
Kila mara kalamu ilikuwa kwangu.

Mwezi uliopita binti yake, Munduru, aliniletea daftari.
Karatasi ile ile, mwandiko wangu wa kitoto,
mistari mitatu inayochechemea.
Wa nne umekatwa. Juu yake, kwa wino wa kijani,
mkono wa vidole vitatu umeandika mwingine,
na huo ndio watu walioupigia makofi.
Nilikuwa nimeusahau.
Au, tuseme kweli, niliuacha nje ya fremu.

Kwa hiyo sijui nimweke wapi.
Mbinguni hakumfai, alikuwa mwongo.
Motoni ni mbali, nitakosa wa kunisahihishia.
Acha akae pale pale Ediofe,
kwenye benchi lenye mguu uliofungwa waya,
ukubwa wa kawaida,
na mimi pembeni, ukubwa wa kawaida,
nywele zimeanza mvi,
sote tunahesabu.

Washairi wa lugha hii hutaja jina mwishoni.
Basi nataja,
na mizani mbili nimeziacha zizidi, makusudi.
Mwenyewe anajua zilikopotelea.

Kaniibia shairi, mkono kaniachia,
sura yangu na dosari, sasa ninajichoria:
Ayikoru mshairi, na mwanafunzi wa Avutia.