Jina la Kukodi

Nililipia jina riali elfu kumi na mbili:
jina, rangi yake ya kijani, nyota juu ya herufi ya pili,
na kitabu cha kurasa mia tatu na sita
kinachosema, mwanzo kabisa:
Mwenye leseni hashiki ufagio.

Kabla yake nilipima mengine.
Chai ya karaki? Mabela ina vibanda vya karaki kuliko taa za njiani.
Dobi? Nilikaa siku tatu garini, mbele ya duka la mtu kule Al Khudh,
nikihesabu kanzu zinazoingia, kanzu zinazotoka,
hata mwenye duka akaniletea maji, akidhani nimeharibikiwa.
Wa tatu walinionesha video, watu wote wanacheka.
Nikaomba namba za waliokwisha kufunga.
Hawakuwa nazo. Nikafunga mkoba.

Hawa wa usafi wa maofisi walinipa nne.
Nilizipiga zote. Mmoja alilia.
Mwingine akaniambia: "Faida ya mwaka wa kwanza isikushughulishe, bibie.
Jiulize nani atapokea simu saa kumi na moja alfajiri."

Ni mimi.
Mosharraf ana homa. Gari la Biju limezima Ghala.
Mteja ameona alama ya kikombe mezani,
alama moja, ametuma picha tatu.
Nami kitandani napanga watu kama karata:
huyu atoke Ruwi, yule asogee, funguo apewe nani,
na jua la Julai halijachomoza lakini joto limeshakaa mlangoni
kama mdai.

Tarehe tano, asilimia saba inakwenda Dubai kwa wenye jina.
Iwe faida, iwe hasara, inakwenda.
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Yenye daftari hupotea vilevile,
ila habari unazipata.

"Na wewe hasa," mama ananiuliza, "kazi yako ipi?"
Mama aliyetoka Ng'ambo, Unguja, na sanduku moja,
akapiga deki madarasa ya Matrah miaka kumi na saba,
magoti yake mpaka leo yanavitambua vigae.
"Nasimamia," nikasema.
"Unasimamia."
Akalirudia neno kama aliyeonja mchuzi akaukuta hauna chumvi.

Jioni moja nilikuwa naye garini, napita kukagua zahanati Al Khuwair.
Fomu ina vipengele arubaini na viwili.
Nilitia alama arubaini na mbili.
Mama akashuka na fimbo yake, hakuombwa,
akapitisha kidole juu ya fremu ya mlango,
akanionesha: kijivu.

Kisha akamgeukia Mkawasi, binti wa Voi,
ambaye kwangu hakuwahi kusema zaidi ya "sawa, madamu".
"Mwanangu, chumba hiki waanzia wapi?"
Na Mkawasi akaanza, akaendelea:
anaanzia dirishani, bibi, maana vumbi latoka huko,
lakini bomba liko mwisho wa ukumbi, hatua mia na kumi,
ndoo yajaa, mkono wafa ganzi,
akifika mlangoni hana bega la kunyanyua.

Miezi kumi na minne.
Mlango ule nimeuingia kila wiki,
na kalamu.

Kesho yake nikanunua ndoo ya magurudumu, soko la Sib,
riali tisa na baisa mia tano.
Ilikuwepo ya buluu tu.
Kitabu, ukurasa wa themanini na nane: vyombo vyote viwe kijani,
faini riali hamsini kwa kila kisichokuwa.

Wakaguzi wa Dubai wanakuja mwezi ujao.
Mama ameuliza siku.
Anataka awepo.
Ndoo nimeiacha pale pale, nyuma ya mlango,
fremu juu yake inang'aa.