Deraya

Nilianza na kanga.
Mwatima, dada yangu, alinizungushia ile yake iliyochakaa,
akanipiga solotepu kifuani, kwapani, mgongoni,
rola tatu, mpaka nikawa kama mzigo wa kupelekwa Dar.
"Usipumue," akasema, akapitisha mkasi
kwenye uti wa mgongo, akanipasua kwa nyuma.
Nikatoka. Kanga ikabaki imesimama,
ina kitambi changu, ina bega langu la kushoto lililoshuka,
na maneno yake yamekaa tumboni:
SINA NENO NA MTU.

Mikeka ya mpira niliipata hotelini,
ile wanayojinyooshea wageni asubuhi,
ya buluu, imechanika, inanuka jasho na mchaichai.
Niliikata kwa wembe juu ya mfuko wa saruji.
Pasi ya mkaa haitaki pupa:
ukiisogeza mno, mpira unalia, unajikunja
kama ngozi ya samaki kikaangoni;
ukiiweka mbali, haukubali kuinama.
Nimeharibu magoti mawili na kiwiko
kabla mkono wangu haujaelewa.

Gundi ya viatu ikanilewesha.
Mama akapita na ungo.
"Ussi, nini hiyo?"
"Deraya, mama."
"Vita na nani?"
Nikajitia nina misumari mdomoni.

Na Vuai. Mtoto wa ami yangu.
Mwaka wa nne hatusemezani,
kwa minazi sita ya mpakani
na neno moja alilolitema matangani,
baba hajatimiza siku tatu kaburini.
Hapa Makunduchi kila mtu anajua,
siku ya Mwaka, pale Kae Kuu,
mgomba hauna kesi: anayekupiga leo
kesho mnakula sinia moja.
Miaka mitatu Mwaka umenikuta zamuni.
Niliomba zamu mwenyewe.
Vuai huvunja mawe.
Mimi hupanga mito vitandani.

Rangi ya fedha ilibaki ya geti la madrasa.
Mikanda, ya mikoba ya shule.
Kofia ya bodaboda nikaifunika bati la kopo la samli,
na ukitazama vizuri, nyuma ya sikio,
ng'ombe bado yupo, anatabasamu.

Siku yenyewe Mwatima akanifunga mgongoni.
Deraya haivaliki peke yako,
hilo hakuna aliyenitahadharisha.
Kukaa, siwezi. Kujikuna, siwezi.
Watoto wakanifuata tangu njia panda: "Roboti! Roboti!"
Wanawake wakakatiza matusi yao katikati ya ubeti,
wakacheka hadi wakashikana mabega.

Vuai akaja na mgomba mbichi,
maji yanamchuruzika kiwikoni.
Akanipiga. Pu.
Kama mtu anayekung'uta godoro la jirani.
Akanipiga tena. Pu.
Nami ndani, salama kabisa,
nasikia pumzi yangu tu, na inanuka gundi.
Akashusha mgomba. Uso aliokuwa nao
sijauona tangu tulipokuwa tukiogeshwa beseni moja.
"Ussi," akasema, "hasa nampiga nani humu?"

Nilinyoosha mkono nyuma. Haukufika.
Nikazunguka, taratibu, kama kabati linalohamishwa,
nikampa mgongo:
vifungo vyote vilikuwa huko.

Aliweka mgomba chini.
Vidole vya mvunja mawe havijui vifungo vidogo.
Tukakawia. Watu wakaanza kupiga miluzi.
"Huu mbona umekwama?" "Uvute juu." "Juu wapi?"
Maneno ya kwanza baada ya miaka minne,
na yalikuwa hayo.
Kifua kikaanguka, mabega yakaanguka,
upepo ukanipata fulanani.
Halafu akauokota mgomba.

Sisemi haikuuma.

Usiku alibisha hodi, hakuingia,
akanipa pale pale kizingitini chupa ya soda
yenye mafuta ya nazi, ya kuchulia bega.
Ya minazi ipi, sikuuliza.